Nani Akate Kwanza

Asubuhi ile Sumiyo Hatakeda alikuwa bafuni, anaipigia simu chupa ya shampuu.

"Haloo, poleni na kazi, Mzee Kuroiwa. Ni Hatakeda wa chuoni hapa, Idara ya Mawasiliano ya Kazini. Tunashukuru sana kwa wema wenu wa siku zote."

Chupa haikujibu, ndiyo maana mazungumzo yalikwenda vizuri. Sumiyo akaishukuru kwa muda wake, akaiinamia kwa heshima zote, paji la uso likagonga bomba la maji. Akatoka kwenda kazini, theluji inamwingia viatuni na nundu inamvimba usoni. Miaka thelathini na nane, shahada tatu ukutani, na nundu aliyoipata akizungumza na shampuu.

Kuna watu wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa lifti. Sumiyo aliogopa simu. Kifaa chenyewe alikipenda, alilala nacho. Alichoogopa ni simu inayolia, ile yenye mtu ndani. Daktari wake wa meno hakumchagua kwa ujuzi, alimchagua kwa sababu miadi yake unaweka kwa kubonyeza tu. Siku moja aliagiza tambi akaletewa mkunga wa kuchoma, samaki ambaye hata harufu yake hawezi. Namba ya mgahawa ilikuwa juu ya kifuniko. Akaitazama. Akamla mkunga mzima, mpaka ngozi.

Na mtu huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa simu.

Miaka miwili nyuma alikuwa anafundisha kitu kingine kabisa: barua za mapenzi za watu wa ikulu ya miaka elfu moja iliyopita. Enzi hizo bwana alifunga shairi kwenye tawi la mti wa plamu, akalituma, akakaa siku tatu anasubiri jibu huku analowesha mikono ya kanzu kwa machozi. Sumiyo aliona huo ndio mwendo wa kibinadamu. Tatizo ni kwamba darasani alikuwa na wanafunzi wanne, mmoja analala, na mwingine alikosea chumba siku ya kwanza akaona aibu kutoka.

Chuo kilikuwa kidogo, pale Sabae, mji wa mafremu ya miwani, na watoto wa kukijaza walikuwa wanazaliwa wachache kila mwaka. Mkuu wa kitivo, Profesa Kanbara, akaamua kuokoa jahazi. Tuwaulize waajiri, akasema. Tuwafundishe vijana kile soko linachotaka. Akatuma maswali kwa viwanda arobaini: mnataka mhitimu wetu ajue nini? Na kwa kuwa alishajua jibu, akachapisha kabisa vipeperushi vipya vyenye picha ya roboti anayetabasamu.

Majibu yakarudi ishirini na matatu. Kumi na tisa yalisema kitu kimoja: tunataka mtu wa kupokea simu.

Kiwanda kimoja kiliandika kwamba kijana wao mpya simu ikilia anakwenda chooni, na sasa wanamjua kwa jina la Maji. Kingine kiliandika kwamba binti aliacha kazi siku ya tatu kwa sababu meza yake ilikuwa jirani na simu. Kampuni ya Miwani ya Kuroiwa, ambayo ndiyo kubwa na wengine wote huangalia inakoelekea, iliandika kwa mkono, kwa brashi: "Roboti tunaye. Hapokei simu."

Kanbara akamwita Sumiyo.

"Mwalimu Hatakeda, wewe si ulisoma mawasiliano?"

"Nilisoma barua, Mkuu."

"Ndiyo hayohayo. Barua, simu, si mtu huku na mtu kule?"

Sumiyo alitaka kusema kwamba kati ya huku na kule anapenda ziwepo siku tatu. Lakini mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja huwa na neno moja tu.

"Sawa, Mkuu."

Basi likazaliwa somo la Simu ya Kwanza, na baadaye Simu ya Pili kwa waliofaulu. Kutoka stoo zikatolewa simu sita za mezani, za rangi ya maziwa yaliyolala. Kijana mmoja akashika ule waya uliojisokota akauliza, "Mwalimu, huu ni wa kuchajia?" Sumiyo akajifunza kila kitu kwenye kitabu alichoazima maktaba, akiwatangulia wanafunzi wake kwa usiku mmoja tu. Pokea kabla ya mlio wa tatu. Tabasamu, maana tabasamu linasikika. Mkiwa mnazungumza inama, maana hata kuinama kunasikika. Na juu ya yote, sheria ya kukata: mtu asimkatie mkubwa wake wala mteja wake. Unasubiri yeye akate, halafu unabonyeza kidude cha kukatia taratibu kwa kidole, usije ukambamizia mkonga wa simu sikioni. Kumkatia mteja ni kama kumfungia mlango akiwa bado anaaga.

Yeye mwenyewe darasani hakugusa simu hata siku moja. Alikaa pembeni na karatasi, uso umekunjamana, anaandika maksi. Wanafunzi wakasema mwalimu huyu ni mkali. Uso ule haukuwa ukali, ulikuwa woga.

Lakini cha ajabu wanafunzi wakaiva. Kulikuwa na msichana anaitwa Hinano, ambaye siku ya kwanza simu ilipolia aliingia chini ya meza. Sumiyo alimwelewa vizuri sana, nusura amfuate. Sasa Hinano huyohuyo anapokea simu kama mtu anayepokea chai.

Ikafika Februari, mwezi wa kuamua mikataba, na hapo ndipo mambo yakachacha. Kanbara alisema somo litaendelea kama Miwani ya Kuroiwa itakubali kwa maandishi kuwachukua wanafunzi wanane kwa mafunzo ya kazini. Wasipokubali, somo linafungwa, na mkataba wa Sumiyo nao unaishia hapo. Sumiyo akaandika barua nzuri, ya kurasa mbili. Mzee Kuroiwa akajibu kupitia kwa Kanbara.

"Amesema barua ameipenda," Kanbara alimwambia. "Ila amesema, kama mnafundisha simu, mwalimu wa simu anipigie simu. Kesho, kabla sijafunga ofisi saa kumi na moja jioni."

Kesho yenyewe ndiyo ile siku ya shampuu.

Saa tatu asubuhi Kanbara alimkuta koridoni. "Umeshapiga?"

"Bado, Mkuu. Kitabu kinasema asubuhi mapema usimsumbue mtu, anapanga kazi."

Saa sita. "Umeshapiga?"

"Watu wanakula, Mkuu."

Saa nane. "Mwalimu Hatakeda!"

"Wameshiba, Mkuu. Mtu aliyeshiba anasinzia."

"Na saa kumi na nusu utasema wanafunga?"

"Kitabu kinasema hivyo."

"Sasa hicho kitabu kinaruhusu kupiga saa ngapi?"

Sumiyo alikuwa ameshapiga hesabu. Kati ya saa kumi na robo na saa kumi na nusu.

Ilipofika saa kumi na robo, darasa lilikuwa limeshatoka. Amebaki Hinano anafuta simu kwa kitambaa, zamu yake. Sumiyo akakaa mbele ya simu namba nne. Mezani alikuwa na karatasi tatu: ya kwanza ameandika maneno yote atakayosema, ya pili maneno ya kusema kama mzee akisema ndiyo, ya tatu kama akisema hapana.

"Mwalimu, nitoke?" Hinano akauliza.

"Kaa. Nikizimia, uite watu."

"Mwalimu nawe, utani wako."

Sumiyo akapiga moyo konde, akabonyeza namba. Simu za darasa zile zilikuwa na spika ili wote wasikie, na spika ilikuwa imewashwa tangu kipindi cha mchana. Ikalia mara moja.

"Miwani ya Kuroiwa. Kuroiwa hapa."

Mwenyewe! Si katibu! Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari sita yote ya katibu. Sumiyo akairuka kama anaruka mtaro.

"Haloo, poleni na kazi. Ni Hatakeda wa chuoni, Idara ya Mawasiliano ya Kazini. Tunashukuru sana kwa wema wenu wa siku zote."

"Na sisi tunashukuru sana kwa wema wenu wa siku zote."

"Samahani kukusumbua ukiwa na shughuli nyingi."

"Hapana, hapana, samahani ni yetu sisi kwa kukuhangaisha upige katika baridi hii."

Wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja anamwombea mwenzake radhi. Sumiyo anasoma na kuinama, anainama na kusoma. Akayasema yote: wanafunzi wanane, wiki sita, kuanzia Aprili. Sauti ikatetemeka mara mbili tu.

"Nimesikia," akasema mzee. "Karatasi ninayo hapa mezani. Nitaipiga muhuri leo, kesho mtaipata."

Sumiyo akashika karatasi ya pili. "Asante sana, Mzee. Hatuna cha kusema. Tunawaomba muendelee kutulea."

"Na sisi tunaomba hivyohivyo. Haya, kwaheri ya kuonana."

"Kwaheri ya kuonana, Mzee."

Sumiyo akasubiri mzee akate. Mteja hakatiwi. Akainama, akasubiri. Akahesabu mpaka ishirini. Hinano naye amesimama na kitambaa, hapumui. Kisha kwenye spika kukasikika *ka!*

Sumiyo akashusha pumzi yote aliyokuwa ameiazima tangu asubuhi. Akauweka mkonga mezani ubavu ubavu, akajitupa nyuma kwenye kiti.

"Jamani nimepona! Hinano, nimepona!"

"Hongera, Mwalimu! Umeongea vizuri!"

"Vizuri wapi! Unajua hiyo ndiyo simu yangu ya kwanza ya kikazi maishani?"

Hinano akacheka. Akaona mwalimu hacheki. "Ya kwanza? Mwalimu, lakini wewe…"

"Mimi nini? Mimi nimefundisha mwaka mzima kitu nisichokijua. Naogopa simu kuliko mwizi. Nyumbani ikilia naizima taa, ijue sipo." Na ulimi ukishapata njia hausimami. "Na huyo mzee naye! Umemsikia? Anasoma! Anasoma karatasi neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili anayetoa shukrani kwa mgeni rasmi. Eti ndiye anayetaka kusikia sauti ya mwalimu."

Spika ikakohoa.

"Mwalimu Hatakeda," ikasema. "Bado nipo."

Sumiyo akaganda. Hinano akaziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia simu.

"Nilikuwa nakusubiri wewe ukate," akasema Mzee Kuroiwa. "Wewe ndiye uliyepiga, halafu ni mwalimu. Mwalimu hakatiwi. Nikaona unachelewa, nikafunika kikombe changu cha chai kwa kifuniko chake, *ka*, kisipoe."

Sumiyo akaudaka mkonga kwa mikono miwili. Karatasi ya tatu ilikuwa na maneno ya kusema mzee akikataa. Hakukuwa na karatasi ya hili.

"Mzee… mimi… samahani… nilikuwa nakusubiri wewe. Mteja hakatiwi."

"Haya. Basi kata."

"Siwezi, Mzee. Kata wewe."

"Nitamkatiaje mwalimu? Kata tu, Mwalimu."

"Hapana, tafadhali, wewe kwanza."

"Wewe kwanza."

Jasho jembamba lilikuwa linamtiririka Sumiyo mpaka kwenye nundu. Angeweza kubaki pale mpaka Aprili. Aliyeshindwa kuvumilia ni Hinano. Alinyoosha mkono, akabonyeza kidude kwa kidole, taratibu, kama alivyofundishwa.

*Ta.*

Wakatazamana.

"Hinano," Sumiyo akanong'ona, "umemkatia."

"Nimekuokoa, Mwalimu! Mlikuwa mnauana!"

"Umemkatia Kuroiwa!"

Kwenye kitabu kulikuwa na ukurasa mzima juu ya hili, na Sumiyo alikuwa ameufundisha mara nne kwa fimbo ya kuoneshea: simu ikikatika, piga tena papo hapo, uombe radhi kwa sauti yako mwenyewe, usingoje, usiandike. Akaitazama simu namba nne. Simu namba nne ikalia.

Mlio wa kwanza. Sumiyo alikuwa ameshasogea nyuma na kiti chake mpaka ukutani. Wa pili. Hinano akamtazama, akaitazama simu, akaweka kitambaa chini, akajinyoosha shati. Kabla ya wa tatu akapokea.

"Haloo, asante kwa kutupigia. Idara ya Mawasiliano ya Kazini, Hinano anazungumza." Na tabasamu lake, kweli, lilisikika. "Mzee Kuroiwa, samahani sana, simu imekatika kwa uzembe wangu."

"Nipe mwalimu," ikasema spika.

Sumiyo akatikisa kichwa. Akatikisa mikono. Angekuwa na mkia naye angeutikisa.

"Samahani sana," akasema Hinano bila kumeza mate, "Mwalimu Hatakeda kwa sasa hayupo kwenye kiti chake."

Na haukuwa uongo, kwa sababu Sumiyo alikuwa ameshuka, amechuchumaa sakafuni.

"Hayupo? Nimemsikia sasa hivi."

"Ametoka kidogo, Mzee. Naweza kuchukua ujumbe?"

"Wewe ni mmoja wa wale wanane?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kabla ya hili somo ulikuwa unapokea simu?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa naingia chini ya meza."

Spika ikatoa sauti ambayo labda ilikuwa kicheko, labda ilikuwa chai. "Andika basi. Mwambie mwalimu wako muhuri ninao mkononi. Sikukasirika. Karatasi ni kweli nasoma, nimesoma miaka arobaini, nina karatasi ya pole na karatasi ya pongezi. Lakini nasoma na napiga. Mwambie anipigie tena, aniambie yeye mwenyewe, bila karatasi, kwa nini niwachukue. Niko hapa mpaka saa kumi na moja."

"Narudia, Mzee." Hinano akarudia yote, neno kwa neno, mpaka ile saa kumi na moja. Akaaga. Akasubiri. Safari hii mzee alikata.

Sumiyo akainuka kutoka chini, akajipangusa magoti. Hakuwa na uso wa kumtazama mtoto wa watu.

"Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia."

"Saa kumi na dakika thelathini na tano sasa. Piga tu. Mwambie ulivyoniambia mimi."

"Nitapiga. Wewe nenda, basi lako litakuacha na theluji hii."

"Kweli utapiga?"

"Mimi ni nani? Si mwalimu wa simu?"

Hinano akavaa koti, akafika mlangoni, akageuka. "Mwalimu, mimi ile siku chini ya meza nilikuona. Na wewe ulikuwa unatafuta pa kuingia. Ndiyo maana nilitoka." Akaondoka mbio, viatu vinalia koridoni.

Sumiyo akakaa. Akapiga namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba zilikuwa kumi. Alipofika ya saba akakata. Akaanza tena, akafika ya tisa. Safari ya tatu alifika ya kumi, kidole kikawa juu ya kitufe, hakijabonyeza, kinaelea tu kama inzi anayechagua pa kutua. Alijua la kusema. Alilijua lote, lilikuwa rahisi, halikuhitaji karatasi. Kidole hakikushuka.

Ikafika saa kumi na dakika hamsini na moja. Akauweka mkonga chini, akatoa simu yake ya mkononi. Namba ya mzee alikuwa nayo. Mjukuu wa mzee alimwekea babu yake ile programu ya ujumbe mwaka jana, na siku ya kikao cha waajiri mzee alimwongeza kila mtu ukumbini, hadi mpishi. Sumiyo akaandika. Vidole vilikwenda vyenyewe, havikuwa na kigugumizi.

"Mzee Kuroiwa, najua umetaka sauti. Nimejaribu mara tatu. Yote uliyoyasikia ni kweli, naogopa simu, na niliyosema juu yako ni utovu wa adabu. Lakini huyo msichana uliyezungumza naye mwaka jana alikuwa hawezi hata kusema haloo. Wako wanane kama yeye. Sijui niliwafundishaje, nafikiri walikuwa wananionea huruma. Wachukue hao. Kuhusu mimi, chuo kitaamua. Hatakeda."

Akausoma mara mbili. Akatuma kabla hajatafuta kosa. Halafu, kwa kiherehere, katika kuweka simu mezani kidole kikagusa pembeni, ikaenda na picha ya katuni: sungura mnene amefunga taulo kiunoni, ametoka kuoga, anainama.

"Mungu wangu, taulo," akasema Sumiyo.

Akatafuta namna ya kuifuta. Kabla hajaipata, chini ya ujumbe, na chini ya sungura, likatokea neno dogo la kijivu: *Umesomwa*.

Saa kumi na dakika hamsini na nne. Hamsini na sita. Nje gari la kusukuma theluji likapita likapiga kelele, likanyamaza. Alikaa ameishika simu kwa mikono miwili, anaangalia neno lile, hajui jibu litakuja kwa maandishi au kwa mlio, na pale mezani simu zote sita zimekaa kimya.